Sifuri Iliyomeza Ngeli Mbili

Mwanafunzi yeyote aliyeisoma fasihi ya Kiswahili katika shule za upili za Kenya amewahi kuulizwa aeleze maana ya majazi, na jibu lake huwa tayari mdomoni: ni mbinu ya mwandishi kumpa mhusika au mahali jina linaloafikiana na tabia au hali yake. Mifano nayo haikosi. Katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka wa 2012, mwalimu anayejitapa kwa uandishi anaitwa Majisifu, na mtemi anaitwa Nasaba Bora, jina linalotangaza majivuno ya ukoo hata kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Msomaji akishalisikia jina, nusu ya kazi ya mwandishi imekwisha kufanyika. Ila si wengi, hata miongoni mwa waliobobea katika uhakiki, wanaodhani kwamba mbinu hii ina kazi mahali pasipo na mhusika wala msimulizi, yaani ndani ya programu ya tarakilishi. Mwanafunzi anayesimuliwa hapa naye hakudhani hivyo, mpaka sura nzima ya tasnifu yake ilipomponyoka kwa sababu ya sifuri.

Alikuwa katika mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya Kiswahili. Tasnifu yake ililinganisha matumizi ya nomino katika diwani mbili za mashairi ya arudhi na katika mkusanyo wa makala ya magazeti, azma ikiwa ni kuona ni ngeli zipi zinazobeba uzito katika utanzu upi. Kuhesabu maelfu ya nomino kwa mkono ni kazi ya kumpofusha mtu, na kwa bahati mtangulizi wake katika idara, ambaye alikuwa amekwisha kuhitimu na kwenda ng'ambo, alikuwa ameacha programu ya kuifanya hesabu hiyo. Iliandikwa kwa lugha ya C. Leo wanaisimu wengi wangechagua lugha nyepesi zaidi, lakini mtangulizi huyo alifunzwa C na hakuona sababu ya kujifunza nyingine. Tena programu yake ilikwenda mbio hata katika tarakilishi kuukuu za maktaba. Mwanafunzi aliipokea kwenye flashi diski pamoja na ukurasa mmoja wa maelezo, akashukuru kama mtu aliyerithishwa shamba lililokwisha kupaliliwa.

Programu hiyo ilisoma faili tatu. Ya kwanza ilikuwa matini yenyewe. Ya pili ilikuwa orodha ndefu ya nomino, kila moja na nambari ya ngeli yake: mtu 1, watu 2, kitabu 7, vitabu 8. Nomino kama nyumba, isiyobadilika katika wingi, ilipewa 9 na 10 kwa pamoja, na programu ikatazama neno linalofuata ili kupambanua nyumba yangu na nyumba zangu. Faili ya tatu ilikuwa ya mipangilio, ile inayoiambia programu ifanye kazi yake kwa namna gani, nayo ilikuwa na mistari minne tu:

3
1
0
01 02 03 04 05 06 07 08 09 10 11 14 15

Hapakuwa na neno hata moja. Ukurasa wa maelezo ulisema kwamba mstari wa mwisho ni orodha ya ngeli zinazohesabiwa, na kwamba nomino ya ngeli isiyotajwa humo hutupwa katika kapu liitwalo "nyinginezo". Kuhusu mistari mitatu ya kwanza ulisema, "iache ilivyo."

Hapa pana haja ya kukumbushana jambo. Mazoea ya kuziita ngeli kwa nambari yalianza katika karne ya 19 kwa Wilhelm Bleek, aliyezilinganisha lugha za Kibantu, yakaendelezwa na Carl Meinhof, na manufaa yake ni kwamba mtafiti wa Kizulu na mtafiti wa Kiswahili wakitaja ngeli ya 7 wanaelewana. Shule za Kenya zimeshika njia nyingine, ya kuziita kwa viambishi vya upatanisho: A-WA, U-I, LI-YA, KI-VI, I-ZI na kadhalika. Mtoto akisikia KI-VI, papo hapo anasikia kiti kimevunjika, viti vimevunjika. Akisikia 7 hasikii kitu; sharti kwanza afunzwe jedwali. Mtangulizi alikuwa mfuasi wa nambari. Mwanafunzi alikulia katika A-WA, lakini programu ni ya kurithi, na mrithi hachagui rangi ya shuka.

Matokeo yalipotoka yalimshangaza. Programu iliziunganisha ngeli mbilimbili, umoja na wingi wake, hivyo jedwali lilikuwa na safu za 1-2, 3-4, 5-6, 7-8, 9-10 na nyinginezo, zote zikiwa na hesabu ndani. Ajabu ilikuwa katika kapu. Katika diwani, kapu la nyinginezo lilikuwa kubwa kiasi. Katika magazeti lilikuwa limefura hadi kuzipita safu zote. Mwanafunzi akaona nuru. Magazeti yamejaa maneno ya mkopo na istilahi mpya. Basi bila shaka nomino hizo zinaukimbia mfumo wa ngeli, zinaelea hewani bila makao, ilhali ushairi wa arudhi unaushikilia mfumo huo kwa meno. Ilikuwa hoja yenye mvuto. Aliiandikia sura nzima, sura ya nne, kwa muda wa miezi miwili, akaipamba kwa nadharia na kuipigia mstari.

Msimamizi wake aliisoma sura hiyo kwa makini, akatikisa kichwa kwa namna isiyotafsirika kwa urahisi. "Hoja nzuri, binti yangu," alisema. "Ila haya maneno yasiyo na ngeli sijayaona. Yaweke kwenye kiambatisho, niyasome kwa macho yangu."

"Sawa, Mwalimu. Nitayaleta kesho kutwa."

Usiku huo aliongeza mstari mmoja katika programu ili ichapishe kila nomino iliyoingia kapuni. Alitazamia maneno ya kigeni yaliyokosa kwao. Kioo cha tarakilishi kikaanza kumwagika: vitabu, vyama, nyumba, serikali, nchi, vijiji, habari, viongozi, vita, kazi, vyombo. Hakuna mwanafunzi wa shule ya msingi asiyejua ngeli ya vitabu. Alikaa akiyatazama maneno hayo kama mtu anayetazama majirani zake wakishushwa katika karandinga.

Alimwendea jirani wa bweni, mwanafunzi wa sayansi ya tarakilishi ambaye taa yake haizimwi kabla ya saa nane za usiku. Huyu hakuitazama programu kwanza. Alifungua faili ya mipangilio.

"Dada, hizi sifuri za mbele nani kaziweka?"

"Aliyeiandika. Ni za urembo tu, ndugu yangu, ili safu ikae sawasawa."

"Basi urembo huo ndio uliokula vitabu vyako."

Maelezo yake yalikuwa haya. Katika lugha ya C, nambari inayoanza kwa sifuri haisomwi kwa msingi wa kumi tuliouzoea, bali kwa msingi wa nane. Ukiandika 010 ndani ya msimbo, kompaila huelewa nane, si kumi. Kwa kuwa hesabu ya msingi wa nane ina tarakimu kuanzia 0 hadi 7 pekee, 08 na 09 si nambari kabisa, na mtu akiziandika ndani ya msimbo kompaila humkatalia waziwazi. Lakini faili ya mipangilio haisomwi na kompaila. Inasomwa na programu yenyewe wakati wa kazi, na hapa ilisomwa kwa mstari huu:

strtol(neno, NULL, 0)

Kazi ya strtol ni kugeuza mfuatano wa herufi kuwa nambari. Hoja yake ya tatu ni msingi wa hesabu. Ukiipa 10, itasoma kwa msingi wa kumi bila kujali sifuri za mbele. Ukiipa 0, unaiambia ibahatishe msingi kwa kutazama jinsi nambari ilivyoanza, na ikiona sifuri mbele inachukua msingi wa nane. Ilipofika kwenye 08 ilisoma sifuri, ikakuta 8 isiyoitambua, ikasimama, ikarudisha sifuri. Kwenye 09 ikafanya vivyo hivyo. Hoja ya pili ndiyo ambayo strtol huitumia kuarifu iliishia wapi kusoma, na mtangulizi aliipa NULL, yaani hakutaka kuarifiwa. Kuanzia 01 hadi 07 hakukuwa na tatizo, kwa maana nambari hizo ni zilezile katika misingi yote miwili. Kuanzia 10 hakukuwa na sifuri mbele. Ngeli zote zilinusurika isipokuwa mbili, ya 8 na ya 9. Na kwa kuwa jedwali liliunganisha umoja na wingi, safu ya 7-8 ilijaa vitu vya umoja na ya 9-10 ikajaa vya wingi, pasiwe na pengo la kumshtua mtu.

Dawa ilikuwa tarakimu moja ya nyongeza: 0 igeuzwe kuwa 10. Waliigeuza usiku uleule, na kapu la nyinginezo likanywea likawa na majina machache ya miji na ya watu. Wangeweza kulala. Lakini mwanafunzi aliuliza swali ambalo mtu wa fasihi hana budi kuliuliza: kwa nini yeye, aliyekuwa ameupitia mstari huo mara kadhaa, hakuliona kosa? Naye rafiki akamjibu kwamba hapakuwa na cha kuona. Sifuri haisemi lolote. Katika msimbo ule mmoja kulikuwa na sifuri ya msingi wa hesabu, sifuri ya mwanzo wa kuhesabu, sifuri ya kwamba programu imemaliza salama, na sifuri ya mstari wa tatu wa mipangilio iliyomaanisha kwamba majina ya watu yasihesabiwe. Zote nne zilivaa sura moja. Wahusika wanne katika riwaya wakiitwa jina moja, mhakiki angeirudisha kwa mchapishaji.

Waandishi wa C wenyewe walilijua tatizo hili tangu zamani. Lugha hiyo iliundwa na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kitabu alichokiandika pamoja na Brian Kernighan mwaka wa 1978 kinaligusia katika sura ya kwanza. Kuna humo programu ndogo ya kugeuza vipimo vya joto kutoka Fahrenheit hadi Selsiasi. Mwanzoni nambari 0, 300 na 20 zimechomekwa ndani ya msimbo. Kisha waandishi wanazitoa na kuzipa majina, LOWER, UPPER na STEP, kwa agizo la #define, ili atakayekuja baadaye ajue kipi ni kima cha chini, kipi cha juu na kipi ni hatua ya kupandia. Waliyaandika kwa herufi kubwa ili yasichanganywe na vigeu, na desturi hiyo ingali hai. Hata hivyo katika kitabu hichohicho faili hufunguliwa kwa nambari uchi: 0 ni kusoma, 1 ni kuandika, 2 ni yote mawili. Ilipofika toleo la pili, mwaka wa 1988, nambari hizo zilikuwa zimevishwa majina O_RDONLY, O_WRONLY na O_RDWR. Majina yenyewe hayana mahadhi, lakini ni afadhali ya kilemba kibovu kuliko kichwa wazi juani.

Faida ya jina haiishii katika kusomeka. Chukua kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT inayoonekana kwenye risiti. Nchini Kenya kiwango chake kilikuwa asilimia 16. Mwezi wa Aprili 2020, korona ilipobana, kikashushwa hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 kikarejeshwa 16. Fundi aliyekuwa ameandika 16 mahali arubaini katika programu ya duka alilazimika kuzisaka zote, huku akichunga asiiguse 16 iliyokuwa upana wa safu ya jina la bidhaa kwenye risiti. Baada ya miezi tisa akazisaka tena. Aliyeandika KIWANGO_CHA_VAT mahali pamoja alibadilisha mstari mmoja, akaenda kunywa chai.

Asubuhi yake mwanafunzi aliketi kuzivisha nambari za programu majina, naye kwa bidii ya mwanagenzi akaanza kwa #define SIFURI 0. Rafiki yake alicheka hadi akaegemea mlango. Jina hilo halikuongeza chochote, kwani lilirudia tu kwa herufi kile kilichosemwa kwa tarakimu. Vivyo hivyo mtu angeita kodi KUMI_NA_SITA, halafu Aprili 2020 ikawa KUMI_NA_SITA yenye thamani ya 14, na jina likageuka uongo wa mchana. Hapo mwanafunzi alikumbuka majazi na kila kitu kikakaa mahali pake. Mhusika hapewi jina la sura yake bali la tabia yake. Nambari 10 katika strtol haiitwi KUMI. Inaitwa MSINGI_WA_HESABU, kwa maana hiyo ndiyo kazi yake mle ndani.

Kiswahili kina bahati katika C, na kina mikosi yake. Bahati ni kwamba herufi zetu zote ni zile ambazo lugha hiyo inazikubali, bila alama za juu wala za chini. Mkosi wa kwanza ni kistari: ukiandika KI-VI, C husoma KI toa VI, hivyo ngeli sharti iandikwe KI_VI kwa kistari cha chini. Mkosi wa pili ni ritifaa. Katika C alama hiyo hufungua herufi iliyonukuliwa, na ng'ombe hawezi kuwa jina la kigeu mpaka apunguziwe sauti moja na kubaki ngombe, jambo linalomuuma kila mwalimu wa fonolojia.

Mkosi wa tatu umekwisha kupita, lakini unastahili kusimuliwa. Katika C ya mwaka wa 1978 ni herufi nane za mwanzo tu za jina zilizohakikishiwa kutambuliwa. Zilizofuata mtu aliziandika kwa hiari yake. Mwingereza huweka kipambanuzi mbele ya nomino, hivyo majina yake ya kima cha juu na kima cha chini hutofautiana tangu herufi za mwanzo. Kiswahili hutanguliza nomino, sifa ikafuata. Kiwango_cha_juu na kiwango_cha_chini yana herufi nane za mwanzo zilezile, kiwango na kistari chake, na kompaila ya enzi hizo ingeweza kuyachukua kuwa kitu kimoja. Sarufi nzima ya kundinomino ingepinduliwa kwa ajili ya ufinyu wa kumbukumbu za mashine. Kiwango cha 1989 kilipandisha idadi hiyo hadi herufi 31 kwa majina ya ndani ya faili, na kile cha 1999 hadi 63. Leo Mswahili anaweza kuandika jina refu kama ushanga.

Kazi yenyewe ya kuzipa ngeli majina ndiyo iliyomfunza zaidi. C ina orodha ya majina iitwayo enum, inayogawa nambari yenyewe ili mtu ashughulike na majina tu. Mwanafunzi alianza kuandika NGELI_A, NGELI_WA, NGELI_U, NGELI_I, akaendelea hadi kwenye ngeli ya 9, akaandika NGELI_I tena. Kompaila ikakataa: jina hilo limekwisha kutumika. Kweli, mti wa wingi ni "mi-ti i-meanguka" na nyumba ya umoja ni "nyumba i-meanguka". Kiambishi ni kimoja, ngeli ni mbili. Akapata kuelewa kwa nini walimu wa sarufi waliziita kwa jozi. Akaandika U_I_WINGI na I_ZI_UMOJA, na kompaila ikaridhika. Miaka yote aliyokariri ngeli hakuwahi kujiuliza kistari kile cha katikati kinafanya kazi gani.

Kisha akafika kwa viongozi. Katika orodha ya mtangulizi neno kiongozi lilipewa 7 na viongozi 8, kwa kuwa yanaanza kwa ki- na vi-. Simba na ng'ombe walipewa 9. Ilipokuwa nambari, hakuna aliyehoji. Sasa alipotaka kuandika kiongozi KI_VI mkono ulimgoma, kwa sababu hakuna asemaye kiongozi kimefika. Kiongozi amefika, viongozi wamefika, simba amenguruma, na kwa upatanisho wote ni A_WA. Nambari ilikuwa imeficha nadharia ndani yake: mtangulizi alipanga kwa umbo la nomino, ilhali tasnifu ilidai kupanga kwa upatanisho. Hapakuwa na kosa la hesabu la kusahihisha. Palikuwa na uamuzi uliofanywa na mtu mwingine, na mrithi akautia sahihi bila kuuona. Ilimchukua wiki tatu kuipitia orodha upya, nomino baada ya nomino, kipofu, kifaru, chura, waziri, ndugu.

Faili ya mipangilio nayo ikapata sura ya kibinadamu:

kikomo_kwa_makala = 3
umoja_na_wingi = UNGANISHA
majina_ya_watu = ACHA
ngeli = A_WA U_I LI_YA KI_VI I_ZI U_ZI KU

Hili halikuja bure. Katika C majina ya #define huondolewa hata kabla kompaila haijaanza kazi yake, nafasi yake ikachukuliwa na nambari. Ya enum huweza kusalia katika taarifa za kusakia hitilafu, lakini programu yenyewe ikiwa kazini haiyajui. Ukiiambia ichapishe KI_VI_UMOJA itakuchapishia 7. Kwa hiyo ili programu isome neno KI_VI kutoka kwenye faili, ilibidi atengeneze jedwali, upande mmoja jina kama maandishi, upande wa pili thamani yake, na kila jina likaandikwa mara mbili. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaoona kwamba haina haja. Lakini mwanafunzi alipoandika makusudi KI_IV badala ya KI_VI, programu ilisimama na kusema: mstari wa 4, haijulikani ngeli iitwayo KI_IV. Nambari mbovu iliwahi kupita mahali hapohapo kimya kimya na kumgharimu miezi miwili.

Kwenda kwa msimamizi kulikuwa kugumu kuliko yote hayo. Wahenga walinena kwamba mficha uchi hazai, lakini hawakusema uchi wenyewe unaumbua kiasi gani. Alimweleza mzee wake kwamba sura ya nne haina msingi, na kwamba nomino hazikimbii mfumo wowote. Kilichosalia baada ya hesabu mpya kilikuwa kwamba magazeti hutumia nomino za I-ZI kwa wingi kuliko ushairi, serikali, siasa, katiba na sera zikiongoza, jambo ambalo mtu angeweza kulikisia akiwa kwenye matatu bila tarakilishi.

Msimamizi alinyamaza kwa muda, akavua miwani. "Na hao viongozi umewaweka wapi?"

"A-WA, Mwalimu. Na wanyama pia."

"Basi andika hilo," akasema. "Andika jinsi ulivyowahamisha na kwa nini. Sura ya nne iwe hiyo."

Ikawa hiyo, fupi kuliko ya awali, haina nadharia kubwa, na ina jedwali la nomino ambazo umbo lake linavuta huku na upatanisho wake unavuta kule.

Limebaki jambo moja ambalo halijatatuliwa. Ile 3 ya mstari wa kwanza, baada ya kuisoma programu yote, ilibainika kuwa ni kikomo: nomino ikijitokeza zaidi ya mara tatu katika makala moja, ya nne na zinazofuata hazihesabiwi. Jina lake lilipatikana kwa urahisi. Lakini kwa nini tatu, wala si tano au kumi? Mwanafunzi alimwandikia mtangulizi ng'ambo. Jibu lilikuja baada ya siku kadhaa, lenye salamu nyingi na mstari mmoja wa maana: hakumbuki vizuri, ila anadhani Mwalimu ndiye aliyesema tatu. Alipomwendea Mwalimu, naye alifikiri kwa muda mrefu, akasema kwamba hapana, ni kijana mwenyewe aliyekuja nayo. Juu ya kikomo_kwa_makala sasa kuna maelezo ya mistari miwili yaliyotiwa tarehe, yanayotaja kikomo hicho kinafanya nini, ni nani waliulizwa na kila mmoja alijibu nini. Thamani bado ni 3.